Sufi ya Buluu Ndani ya Behewa

Fundi wa kiyoyozi alipanda ngazi za behewa akipiga mluzi, na mkoba wa vifaa ukigongagonga paja lake. Alipofika juu, mluzi ulikatika. Lorna alikuwa chini, kwenye ghorofa walilolifanya jiko tangu lile behewa kuukuu la treni liwe nyumba yao, akimenya viazi. Akainua uso akasikiliza. Hakusikia nyundo wala drili. Alisikia hatua za mtu anayeshuka kinyumenyume, moja, moja, kama mtu aliyekutana na nyoka na hataki kumpa mgongo.

"Dada, nani kaukata ule ukuta?"

"Baba mkwe wangu, siku ya Jumanne. Kwani tundu ni dogo?"

"Tundu linatosha." Alikuwa amevuta kola ya fulana hadi puani. "Alikata kwa kitu gani?"

"Msumeno wa umeme."

"Na vumbi mlilifanyaje?"

"Alilipuliza kwa kompresa. Wao karakana kwao ya treni walikuwa wanapuliza hivyo hivyo, siku zote. Lililobaki nikafagia."

Yule fundi alitazama chini ya meza. Katrin, mwenye miaka minne, alikuwa amekaa hapo akimlaza mwanasesere wake na kumwambia asipolala kuku watamdonoa.

"Mtoe nje," fundi alisema. "Sasa hivi, usisubiri viazi. Mimi sina macho ya maabara, siwezi kukuapia. Lakini ile rangi naijua. Ile ni asbesto, tena ile mbaya, ya buluu, vumbi lake huua mapafu. Nina watoto wawili, dada. Hapo juu sirudi hata mnipe behewa zima bure."

Alitoka. Lorna alimsikia akifuta viatu vyake kwenye nyasi, akifuta tena na tena, muda mrefu kuliko mtu anavyofuta kinyesi cha kuku. Halafu gari likaondoka.

Ilikuwa Januari, na Riverstone yote, kitongoji chao, ilikuwa inaungua kwa joto. Ghorofa la juu walikolala lilikuwa halikaliki kuanzia saa nne asubuhi. Bati lake lilikuwa limetengenezwa kwa watu wanaopita humo dakika arobaini wakienda kazini, si kwa watu wanaolala. Ndiyo maana baba mkwe wake, Mzee Salvu, aliahidi kiyoyozi, na ndiyo maana alikata ukuta. Siku hiyo ya Jumanne Lorna alikuwa mjini kununua chakula. Alirudi akakuta kazi imekwisha, mzee kajaa vumbi kama muoka mikate, na Katrin anaokota vitu sakafuni kwa vidole viwili. Vilikuwa vinyuzi laini vya kijivu chenye ubuluu, kama sufi iliyotoka kwenye godoro kuukuu.

"Mama, ona! Mawingu."

Na Lorna, ambaye tangu utotoni hakupenda kutupa kitu, alitoa kitambaa na sindano, akashona mto mdogo, akaujaza ile sufi. Mwanasesere akapata mto. Usiku huo mto haukumtosha mwanasesere peke yake. Katrin aliuweka chini ya shavu lake, akalala.

Sasa ilikuwa Ijumaa. Lorna alikuwa amemshika mtoto mkono mmoja, mwingine ukishika kisu cha viazi, na kichwani alikuwa akihesabu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Usiku tatu. Aliuona mto uko wapi. Ulikuwa chini ya meza, kichwani pa mwanasesere, ukiwa umebonyea katikati.

*

"Asbesto? Nani kasema? Yule kijana?" Mzee Salvu alikuja kutoka mabandani na ndoo ya mayai, akacheka kwa pua. "Yule alizaliwa jana asubuhi. Mimi nimeyafunga mabehewa haya kwa mikono hii toka mama yako hajajua kama atakuzaa."

"Amesema ni ya buluu, baba."

"Sikiliza, mwanangu. Treni hizi za ghorofa hazikuja siku moja. Zilikuja kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ndilo lililopulizwa ile kitu ukutani, kuzuia moto na kelele. Wakati huo kila mtu alipuliza, hata mahospitali. Fungu la pili nusu kwa nusu. La tatu wakaweka pamba ya kioo, salama kabisa. Na hili ni la tatu. Namba hiyo hapo mlangoni, soma mwenyewe. Ningewaleta wanangu humu nisijue nawaleta wapi?"

Namba ilikuwa pale, nyeupe, imenyooka vizuri. Lorna aliisoma. Alitaka sana kuiamini. Mzee Salvu alikuwa mtu wa kuaminika. Mumewe Nenu alipoachishwa kazi na nyumba ya kupanga ikawashinda, ni mzee huyu aliyelileta behewa hili juu ya lori, akaling'oa viti, akaweka jiko na bomba. Jumapili akiwa ameshiba mchuzi wa sungura huwaeleza wageni habari zake: jinsi zamani jioni watu walivyoning'inia milangoni, na jinsi ghorofa zilipokuja treni ile ile, kituo kile kile, ikabeba karibu mara mbili. "Kama mayai kwenye trei," angesema. "Siku ya kwanza kila mtu alikimbilia juu. Chini hakuna aliyetaka. Ukikaa chini, macho yako yako sawa na viatu vya watu kituoni. Mabwana wakubwa wa benki wakaanza kupiga viatu rangi, kwa aibu ya watu wa chini!"

"Baba," Lorna alisema, "pamba ya kioo si inawasha?"

"Inawasha, eeh. Vibaya sana."

"Ile haikuwasha. Niliishika kwa mikono yote miwili. Katrin naye hakujikuna."

Mzee Salvu aliweka ndoo chini. Alilipanga yai moja lililokuwa limelala vibaya, akalipanga tena.

"Inategemea ngozi," alisema.

Hapo ndipo hofu ilipomshika Lorna sawasawa. Ilimwingia si kwa maneno ya fundi, ila kwa lile yai.

*

Maabara walimwambia kwenye simu aweke ile sufi kidogo kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko, afunge kwa utepe wa gundi, asipulize, asifagie, asirudi humo. Aliwapelekea mto mzima. Mwanamke wa dirishani aliupokea kwa glavu, akautazama, akaona maua madogo yaliyodariziwa pembeni, akamtazama Lorna. Lorna angependa aseme chochote. Majibu Jumanne, kwa sababu ya mwisho wa wiki.

Kwa usiku huo walikwenda kwa Connie, dada yake Nenu, kule Quakers Hill. Nenu ndiye aliyeendesha. Toka aliposikia habari alikuwa amesema sentensi mbili tu: "Baba anajua kazi yake," na baada ya nusu saa, "Nyamaza basi, Lorna, mtoto anasikia," ijapokuwa Lorna hakuwa amesema neno.

Connie aliwasubiri kwenye njia ya gari, amevaa glavu za kuoshea vyombo na barakoa, mpira wa maji mkononi.

"Simameni hapo hapo," alisema. "Wifi, usinielewe vibaya. Mimi nina zulia nyumba nzima. Kitu kile kikiingia kwenye zulia hakitoki, nimesoma."

"Tunaoga ndani, Connie, bafuni," Nenu alisema.

"Bafuni mnafikaje? Mnaruka? Nguo humu." Alitupa mfuko mweusi wa taka kwenye saruji. "Zote. Na viatu."

Nenu alishika taulo, akamzunguka mkewe nalo, lakini taulo lilikuwa dogo. Ng'ambo ya uzio, jirani mwenye kofia alikuwa akimwagilia waridi. Aliendelea kulimwagilia waridi moja lile lile. Lorna alivua gauni, akavua la ndani, akajikunja. Maji yalikuwa ya moto mwanzoni kwa jua lililoupiga mpira, halafu yakawa baridi. Connie alimwosha kutoka mbali, mkono umenyooka, kama mtu anayeosha gari aliloliazima.

"Nywele, wifi. Inama. Nywele ndiyo zinabeba."

Katrin aliona mchezo, akacheka, akaruka ruka majini. Alicheka mpaka Connie alipomchukua mwanasesere mkononi mwake na kumtia kwenye ule mfuko mweusi.

"Huyo anaogelea pia!" Katrin alipiga kelele. "Shangazi, huyo hajavua nguo!"

"Huyo ni mgonjwa, mpenzi."

"Mgonjwa haendi kwenye taka! Anakwenda kwa daktari!"

Connie alifunga fundo. Macho yake juu ya barakoa yalikuwa mekundu, na Lorna akaona kuwa analia, na kwamba analia kwa woga, na hakuweza hata kumchukia. Ndani walikuta kochi limefunikwa nailoni na chakula chao kimepakuliwa kwenye sahani za karatasi, wakati watoto wa Connie walikuwa wanakula kwenye sahani za kawaida upande wa pili wa meza.

Usiku huo wote Lorna alisikiliza pumzi ya mtoto. Katrin akikohoa mara moja, Lorna alikuwa amekaa. Asubuhi alijua jambo moja tu, kwamba hawezi kukaa mpaka Jumanne akiitazama namba ile nyeupe kichwani. Alihitaji mtu aliyelijua behewa lile lilipozaliwa.

*

Trevor Haddow alikuwa msimamizi wa Mzee Salvu na wenzake karakana miaka ishirini na mmoja. Sasa alikuwa kwenye nyumba ya wazee huko Penrith, na Mzee Salvu hakutaka kwenda.

"Trevor kichwa kimechoka," alisema. "Atakuchanganya bure."

"Basi atuchanganye sote wawili, baba. Panda gari."

Walimkuta kwenye kiti karibu na dirisha. Mpira mwembamba ulipita chini ya pua yake, ukazunguka masikio, ukashuka hadi kwenye mashine iliyokuwa inahema badala yake.

"Salvu wa Kuku!" aliita. Sauti ilikuwa ndogo kuliko mtu mwenyewe. "Bado hujafa?"

"Nakusubiri, bosi. Sitaki kukupita foleni."

"Foleni imesonga, kaka. Mimi niko dirishani tayari." Akacheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikakaa. Walingoja. Lorna aliutazama ule mpira na kujizuia kuuliza. Trevor aliona. "Ndiyo, binti. Ni kile kile unachokifikiria. Vumbi la karakana. Miaka thelathini lilikaa humu kimya kama mpangaji mwema, halafu siku moja likaanza kuvunja nyumba."

Lorna alimweleza: behewa, msumeno, kompresa. Habari za mto hakuzisema. Halafu akamtajia namba.

"Hiyo fungu la tatu," Trevor alisema.

Mzee Salvu akashusha pumzi. "Si nilimwambia?"

"Namba ni ya fungu la tatu," Trevor aliendelea, akimtazama Salvu, si Lorna. "Behewa sijui. Namba ni rangi tu, binti. Umeshamwambia, Salvu?"

"Kumwambia nini?"

"Ule mwaka waliokuja wakubwa kukagua. Walitaka kuona mabehewa kumi na mawili ya fungu jipya, na sisi tulikuwa na kumi. Mawili yalikuwa bado mifupa. Sasa ungefanyaje? Tuliyavuta mawili ya zamani kutoka uani, tukayaosha, tukayapaka namba za yale yasiyokwisha. Wakubwa wakapita, wakahesabu, wakanywa chai, wakaondoka. Jumatatu tukasema tutarudisha namba. Jumatatu ikaja treni imeharibika, Jumanne nyingine. Mpaka leo." Alipumzika. Mashine ikahema. "Na anayepaka namba alikuwa mmoja. Hatukuwa na mwingine mwenye mkono ule. Kwao Malta walikuwa wanampa kupaka sanamu za mtakatifu siku ya sikukuu."

Lorna hakugeuka. Alihisi baba mkwe wake amekaa kando yake kama mtu anavyohisi jiko lililowashwa.

"Hayo mawili yako wapi sasa?" aliuliza.

"Nani ajuaye? Yaliungwa na mengine, yakatembea miaka mingi, yakabeba watu na mapochi yao. Yakastaafu na wenzake. Ukitaka kujua kwa hakika, kuna kitu kimoja. Fungu la kwanza, kabla ya kulifunga bao la ukuta, timu yote iliandika majina nyuma yake, na tarehe. Ilikuwa marufuku. Ndiyo maana tuliandika. Mafungu ya baadaye mabao yalikuja yamefungwa tayari, huna pa kuandika. Kwa hiyo bao ukiligeuza likawa tupu, mshukuru Mungu wako. Ukikuta majina..."

Alikuwa anamtazama Salvu, na uso wake mzee ulikuwa umelegea polepole.

"Aa, Salvu," alisema. "Aa, kaka yangu."

Mzee Salvu alikuwa anaangalia viatu vyake.

*

Njiani kurudi Mzee Salvu alisimamisha gari pembeni ya barabara, mbele ya duka la matairi. Malori yalipita na gari likatikisika kila mara.

"Bao liko wapi, baba?"

"Nimelizika. Nyuma ya banda la tatu."

"Lilikuwa na majina."

"Manne. Ġorġ Vella. Yule Myugoslavia, Branko. Paddy. Na langu. Agosti, elfu moja mia tisa sitini na tano. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, Lorna. Nilikuwa nimemwandikia mama yake Nenu barua kwamba nimepata kazi ya kujenga treni yenye ghorofa, akadhani nimerukwa na akili."

"Hao watatu wako wapi?"

"Wamekufa."

"Kwa nini?"

"Paddy aligongwa na gari."

"Na wale wawili?"

Lori likapita.

"Uliyaona majina lini?"

"Nilipomaliza kukata. Bao lilipodondoka."

"Jumanne."

"Jumanne."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Ningewaambia nimewaleta ndani ya sumu? Mlikuwa mnanishukuru kila siku. Nenu alianza tena kunitazama machoni. Nikasema, lililotoka limeshatoka, mmeshafagia, nitaziba tundu polepole, hakuna atakayejua. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

"Yalikuwa yanazoleka!" Lorna alipiga dashibodi kwa kiganja, na sauti iliyomtoka hakuijua. "Mto, baba! Nilimshonea mwanasesere mto kwa ile takataka. Katrin ameulalia hapa!" Alijipiga shavu. "Usiku tatu! Ungesema Jumanne jioni, ningeutupa Jumanne jioni!"

Mzee Salvu alimgeukia. Habari ya mto hakuwa nayo. Lorna aliona ikimwingia, ikishuka usoni mwake, kooni, mpaka mikononi, na mikono ikaachia usukani na kulala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Mto," alisema.

Baada ya hapo aliwasha gari, akamrudisha Quakers Hill.

*

Jumanne saa tatu na robo maabara walipiga simu. Ile sufi ilikuwa asbesto ya buluu. Yule mwanamke alisema jina lake refu la kitaalamu, akasema asilimia, akasema pole. Akauliza kama behewa limezungushiwa utepe wa kuzuia watu. Lorna alijibu ndiyo, akasema asante, akakata, akaenda kukaa kwenye ukingo wa bafu la Connie mlango ukiwa umefungwa. Nenu aligonga. Aligonga tena. Mara ya tatu hakugonga, aliweka tu paji la uso mlangoni, Lorna alilisikia.

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mzee Salvu walimpiga picha ya kifua, na picha ilionyesha mabaka meupe kwenye utando wa mapafu, ya zamani, ya enzi za karakana. Alipoonyeshwa alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeletewa barua aliyoijua. Katrin hawakumpiga picha.

"Hakuna cha kuona," daktari alisema. "Ningempiga picha kwa ajili ya kuwatuliza nyinyi, na picha ingekuwa safi, na isingemaanisha kitu. Ugonjwa huu, kama upo, huja baada ya miaka thelathini, arobaini. Wengi waliovuta vumbi hili kidogo hawaumwi kabisa. Nataka mlisikie hilo: wengi."

"Na wasio wengi?" Nenu aliuliza.

Daktari alivaa miwani, akavua.

"Basi tunafanya nini?" Lorna alisema. "Niambie cha kufanya. Dawa, chakula, chochote."

"Asivute sigara maisha yake. Na muandike. Andikeni kila kitu sasa, wakati mnakumbuka: behewa lilitoka wapi, ndani yake nini, nani alikata, vumbi lilikuwa hewani muda gani, mtoto alikuwa wapi. Yeye hatakumbuka. Akiwa na miaka arobaini na kifua kikimuuma, daktari wake atamuuliza, na nyinyi huenda hampo. Karatasi hiyo itamfanya amtazame mapema. Mapema ndiyo kitu pekee mnachoweza kumpa."

Wakati wa kutoka Katrin aliomba peremende. Daktari akampa mbili, na Lorna akaona kwamba huwa anatoa moja.

*

Connie aliondoa nailoni kwenye kochi siku hiyo. Aliikunja, akaitia kwenye pipa, na jioni akapakua kwenye sahani zake za kawaida, zile zenye maua.

Mzee Salvu alikuja kesho yake mchana. Nenu alipoliona gari la baba yake aliondoka kwa mlango wa nyuma. Mzee alibaki amesimama kizingitini na kofia mkononi mpaka Lorna alipomvutia kiti. Mezani kulikuwa na daftari la shule, kalamu, na glasi ya maji.

"Nitauliza, utajibu," Lorna alisema. "Ni ya Katrin. Sitaki hadithi za Jumapili."

Aliuliza na yeye akajibu. Behewa lilijengwa mwaka gani. Fungu la kwanza. Ukuta ulipulizwa asbesto kwa bunduki ya hewa, unene wa vidole vitatu, wapulizaji wamejifunga leso za pamba puani. Namba zilibadilishwa, na aliyezibadilisha ni Salvu Mifsud. Aliyataja majina yake mwenyewe kamili bila kuulizwa. Behewa lilitembea miaka karibu arobaini. Lilinunuliwa na nani, likaletwa lini, viti viling'olewa vipi. Lorna aliandika polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, na pale aliposhindwa tahajia mzee alingoja. Nje, Katrin na binamu zake walikuwa wanakimbizana kwenye maji ya mpira wa bustani, wakipiga mayowe.

"Kukata kulichukua dakika ngapi?"

"Nusu saa. Bati ni gumu."

"Na majina uliyaona mwisho, bao lilipodondoka."

Kalamu ilikuwa imeshaanza kuandika. Mzee Salvu aliweka kidole juu ya ukurasa, pembeni ya neno.

"Usiandike hivyo."

Lorna aliinua kalamu.

"Bao lilipasuka pembeni mapema, nikachungulia. Nikaona Agosti. Nikaona herufi zangu. Dakika tano toka nianze, hazikuzidi. Nilisimama pale na msumeno unanguruma. Nikawaza, nikiacha itabidi niseme kwa nini nimeacha." Alitoa kidole. "Nikaendelea."

Lorna alifuta mstari. Akaandika: dakika tano. Chini yake akaandika: dakika ishirini na tano nyingine. Mkono wake ulikuwa mtulivu, na utulivu huo ulimtisha. Likabaki swali moja la daktari, na hilo aliliuliza haraka, kwa kuwa jibu lake alilijua: yeye mwenyewe alimwacha mtoto uani na vifaranga, na akamwambia akae uani.

"Katrin alikuwa wapi?"

Mzee Salvu hakuinua uso.

"Kule juu ni giza, ile pembe ya ngazi," alisema. "Alikuja akasema, babu, nikusaidie. Nikampa tochi anishikie."

Nje mmoja wa watoto aliteleza, wengine wakacheka.

"Muda wote?"

"Muda wote. Hakuchoka. Alikuwa anajivuna."

"Karibu kiasi gani?"

Mzee Salvu alisimama kutoka kitini ili aseme kweli kabisa. Aliinua mikono yote miwili kama anayeshika msumeno ukutani, akatazama chini upande wa kulia, akaukumbuka urefu, kisha akagusa mfupa wa kiwiko chake mwenyewe.

"Hapa," alisema. "Kichwa chake kilikuwa hapa. Alikuwa anatazama juu."

Lorna aliandika.